Godoro Jipya ni la Nani?

KATIKA nyumba nyingi za Kapseret, na sidhani kama ni Kapseret peke yake, godoro jipya halinunuliwi kwa kuwa kuna mtu anaumwa mgongo. Hununuliwa kwa kuwa shule zinafunguliwa. Mtoto ameitwa shule ya bweni, karatasi ya orodha imekuja, na katika orodha hiyo, kati ya sanduku na blanketi, pameandikwa godoro. Basi ndama huuzwa, au magunia ya mahindi hutolewa ghalani kabla bei haijapanda, na mtoto huondoka na godoro lake limekunjwa na kufungwa kamba juu ya matatu. Baada ya miaka mitatu minne godoro hurudi nyumbani. Hurudi na bonde katikati, limenyeshewa siku ya kufunga shule, foronya si ile liliyokwenda nayo. Wala halitupwi. Hupelekwa chumba cha wazee.

Ndiyo desturi yetu. Mgeni hupewa kitanda kizuri, mwanafunzi hupewa godoro jipya, na aliyekamua ng'ombe alfajiri kwa miaka 40 hulalia kilichobaki. Nimewauliza rafiki zangu kadhaa mama zao wanalalia nini. Walicheka kwanza, kisha wakanyamaza.

Mama yangu mzazi ni mmoja wa watu hao. Godoro alilokuwa akilalia lilikuwa la kitinda mimba wetu, ambaye sasa ana watoto wawili na kitambi. Kila asubuhi mama alikuwa na ibada yake: huketi ukingoni mwa kitanda, akashika ukuta kwa mkono mmoja, akangoja. Ukimuuliza anangoja nini, hujibu, "Nangoja mgongo nao uamke." Ikifika saa nne yuko shambani anapalilia kana kwamba si yeye. Kesho yake alfajiri, ukuta tena.

Hapo ndipo nilipoanza kulishuku godoro. Maumivu ya kazi kwa kawaida huzidi jioni, baada ya kazi. Maumivu yanayomkuta mtu kitandani na kumwacha akishatembea, hayo yana neno la kusema juu ya kitanda. Si kila mara, na hilo nitalirudia, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia. Siku moja mama alipokwenda kanisani nililaza mpini wa jembe juu ya godoro lile, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, nikapima bonde lililo chini ya mpini. Vidole vinne. Msomaji, jaribu nyumbani kwako, hakuna gharama.

Mama hakutaka kusikia habari ya godoro jipya. Hoja yake ilikuwa nzito. Alisema kogo, yaani bibi yake, alilala juu ya ngozi ya ng'ombe maisha yake yote na akazeeka wima kama nguzo. Yeye mwenyewe utotoni alilalia gunia lililojazwa maganda makavu ya mahindi. Sponji, alisema, ni anasa tu ya watu wa mjini.

Nilifikiri sana juu ya maneno hayo, maana kuna ukweli ndani yake, ila si ule alioukusudia. Lile gunia la maganda lilimwagwa na kujazwa upya kila baada ya mavuno. Kule pwani, godoro la usufi hufumuliwa, usufi ukaanikwa juani na kuchambuliwa, kisha likashonwa tena. Na kitanda cha kamba hukazwa kamba zake zikilegea. Wazee waliyafanya malalo yao upya, tena mara kwa mara, kwa kuwa waliona kwa macho kwamba yamechoka. Sponji haionyeshi. Ni kitu cha juzi tu: poliurethani, ambayo ndiyo mama yake, iligunduliwa na Otto Bayer na wenzake huko Ujerumani mwaka 1937. Kwa nje foronya ina maua yale yale, lakini ndani vitundu vya hewa vimekwisha kuvunjika, na mtu analala juu ya mbao akidhani analala juu ya godoro. Sponji haijazwi upya kama gunia. Ikifa, imekufa.

Mwishowe alikubali kwa sharti moja, kwamba twende pamoja na yeye mwenyewe achague. Tukapanda matatu katika barabara ya Kisumu, tukapita Langas, tukaingia Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2024 lakini ambao wazee wetu bado wanauita Sisibo, kutokana na lile shamba namba 64 la enzi ya walowezi. Kwa mama, jiji au si jiji, ni Sisibo.

Duka la kwanza tulipokewa kwa heshima. "Chamgei, kogo, karibu kiti," akasema kijana muuzaji, kisha akanigeukia mimi. Nilipomwambia shida ni mgongo hakusita hata kidogo. Alitandika mkono juu ya godoro moja, akalipiga kofi, likalia kama meza. "Hili ni othopediki, mzee. Gumu kabisa. Madaktari ndio wanalipendekeza."

Neno hilo "othopediki" limewafungua watu wengi mifuko. Lenyewe latokana na tawi la udaktari linaloshughulika na mifupa, lakini likiandikwa kwenye foronya si cheti cha daktari yeyote. Mara nyingi lililo ndani ni vipande vya sponji vilivyosagwa, vikatiwa gundi na kushindiliwa pamoja. Si kitu kibaya, na hudumu. Ila hakikubuniwa kwa ajili ya mgongo wa mtu yeyote.

Na hii imani kwamba mgongo mbaya hutibiwa kwa godoro gumu kama sakafu, imetoka wapi? Kwa muda mrefu hata madaktari waliisema. Lakini mwaka 2003 jarida la madaktari liitwalo The Lancet lilichapisha uchunguzi uliofanywa Uhispania na Francisco Kovacs na wenzake. Walichukua watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, wakawagawa kwa bahati nasibu: hawa magodoro magumu, hawa magodoro ya ugumu wa kadiri, bila wenyewe kuambiwa wamepata lipi. Baada ya siku 90, wale wa magodoro ya kadiri ndio waliokuwa na nafuu zaidi, wakiwa kitandani, wakiamka, na hata katika shughuli zao za mchana.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Mwili wa binadamu si ubao. Ukilala kwa ubavu juu ya kitu kigumu, bega na nyonga hubeba uzito wote, na kiuno hubaki kikining'inia kama daraja. Ukilala juu ya kitu laini mno, nyonga huzama na uti wa mgongo hupinda kama ndizi. Linalotakiwa ni godoro litakaloachia bega na nyonga nafasi kidogo na wakati huo huo likainua kiuno. Basi mtu mzito atahitaji gumu zaidi kuliko mwembamba, na ndiyo maana mtu hawezi kumchagulia mwenziwe.

Duka la pili walituambia "haidensiti". Hilo walau lina maana. Ni uzito wa sponji kwa kila mita moja ya ujazo: kadiri sponji ilivyo nzito, ndivyo inavyochelewa kuchoka. Lakini uzito si ugumu. Sponji nyepesi yaweza kuwa ngumu dukani na ikawa uji baada ya mwaka. Hapo nikafanya hesabu yangu kwenye bahasha. Godoro la futi 4 kwa 6, unene wa inchi 8, lina ujazo wa karibu mita 0.45. Ikiwa kweli sponji yake ni ya kilo 25, hilo godoro halina budi kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 11. Likiwa na kilo 7, basi ni sponji ya kilo 16 au chini, na lebo inasema lake. Nilimwomba mwenye duka mizani. Akashangaa, lakini jirani yake alikuwa na duka la viazi, na godoro likaning'inizwa kwenye ndoana kama gunia. Watu walisimama kutazama. Mama alijifanya hanijui.

Nionye pia kwamba mizani yaweza kudanganywa. Wako watengenezaji ulimwenguni wanaochanganya unga wa chokaa ndani ya sponji ili iwe nzito na ngumu. Fungua zipu ya foronya, uifinye sponji kwa vidole viwili na uiachie: yafaa irudi mara moja, wala isikuachie unga mkononi. Na kama foronya haina zipu na muuzaji hataki uone kilichomo, duka liko jingine.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo vitabu vya ushauri haviligusi. Kila mtaalamu husema: lilalie godoro kabla hujalinunua, robo saa nzima, kwa ubavu na chali. Ni ushauri mwema. Lakini ni mama gani wa Kapseret, mwenye wajukuu, atakayejilaza katikati ya duka, mchana kweupe, mbele ya mwanawe na wanaume wapita njia? Mama alibonyeza kila godoro kwa kiganja, kama apimavyo unga wa ugali, akasema, "Hili ni zuri." Alisema hivyo kwa matano. Kiganja hakina kiuno, hakiwezi kujua.

Aliyetuokoa alikuwa mwanamke mmoja katika duka la tatu, umri wake karibu na wa mama. Hakusema mengi. Alimshika mkono, "Njoo, mama, tukaangalie yaliyo nyuma," wakaingia ghalani, akafunga mlango. Mimi nikabaki nje na wapagazi. Walikaa humo nusu saa, nasikia sauti zao mara wakicheka mara wakinong'ona juu ya mambo ambayo hayakunihusu. Baadaye niliambiwa kwamba kwenye godoro la kwanza bega la mama lilikufa ganzi, kwenye la pili alishindwa kujigeuza, na kwenye la tatu yule mwanamke alipopitisha kiganja chini ya kiuno chake kilipita kwa shida kidogo, wala hakikukwama wala hakikucheza. Hapo mama akanyamaza, na yule mwanamke akadhani amesinzia. Ingefaa kila duka la magodoro liwe na chumba kama kile na mtu kama yule.

Tukalipa Sh9,500. Ni zaidi ya magunia mawili ya mahindi, na mama hakuacha kunihesabia magunia hayo hadi tukafika nyumbani.

Kitanda nacho kilikuwa na kesi yake. Chaga zilikuwa tatu tu, zimepishana futi nzima na zaidi, na mbili zimepinda. Godoro jipya juu ya chaga kama hizo ni kulitia kwenye shimo la zamani. Fundi wa Langas alituongezea mbao mpaka mwanya kati ya moja na nyingine ukawa kama upana wa kiganja, kazi ya saa moja. Kisha tukaondoa nailoni, ingawa mama alitaka ibaki ili godoro lisichafuke. Nailoni huzuia jasho kutoka na kumfanya mtu ageukegeuke usiku kucha.

Nilisema nitarudia habari ya maumivu yasiyotoka kitandani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na hao wote si godoro lililowaumiza. Katika mwongozo wake wa Desemba 2023 shirika hilo lilisisitiza mazoezi na elimu, likashauri dhidi ya mikanda ya kiuno, ile inayotembezwa stendi. Kulala kutwa hakusaidii. Mwendo ndio unaosaidia. Lakini miguu ikifa ganzi, mkojo ukikupotea, ukikonda bila sababu, au maumivu yakija baada ya kuanguka, usiende dukani, nenda hospitali. Kifua kikuu chaweza kukaa kwenye pingili za mgongo. Na kwetu sisi wafugaji kuna brusela, ugonjwa utokao kwa ng'ombe, nao huingia kwa maziwa yasiyochemshwa au kwa mikono wakati wa kuzalisha ndama. Humletea mtu homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku, na mgongo unaouma kama uliopigwa rungu. Mama alipimwa damu kabla hatujakwenda Sisibo. Hakuwa nayo.

Wiki ya kwanza alilalamika kwamba godoro ni geni, ajihisi kama amelala kwa watu. Wiki ya pili shangazi alikuja kutoka Kapsabet, na mama akaanza kutandika godoro lile chumba cha wageni. Ilibidi shangazi mwenyewe akatae, tena kwa sauti. Ilipofika wiki ya nne nilimkuta asubuhi tayari yuko zizini. Akibeba ndoo mbili kiuno bado humuuma, na sidhani kama kitaacha.

Lile la zamani nilitaka kulichoma. Akaninyang'anya, akachukua kisu, akakata kipande cha pembeni ambapo sponji ilikuwa bado hai, akakishonea kitambaa. Ndicho anachokalia sasa akikamua.