Injini Inayosikia Baridi Marikiti

Mwezi wa Julai, kipupwe kikiwa kimeshika na kusi ikivuma kutoka baharini, alfajiri ya Mombasa huwa na nyuzijoto 20 na kitu. Mtu wa Limuru angeliita hilo joto. Lakini pita soko la Marikiti saa kumi na moja, pikapu na Probox zikipakia viazi na vitunguu, usikilize injini. Ziko zinazotetemeka zikiwa zimesimama, na dereva akikanyaga mafuta zinasita kwanza ndipo zivute. Robo saa baadaye zimetulia, na mwenye gari anajiambia ni baridi tu. Huo ni ugonjwa, na saa hiyo ya alfajiri ndiyo ya kuupima.

Injini ya petroli hustarehe ikikaribia nyuzi 90, kwa hiyo nyuzi 22 kwake ni baridi kweli. Petroli haiungui ikiwa majimaji. Lazima igeuke mvuke, ichanganyike na hewa, takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Injini ikiwa baridi, sehemu ya petroli hunata kwenye kuta za ndani bila kuungua, ndiyo maana huhitaji nyongeza. Zamani dereva alivuta choki. Siku hizi kompyuta ya gari huongeza yenyewe, ikifuata sensa ya joto la maji. Sensa ikisema maji ni moto ilhali ni baridi, injini inalala njaa na kuanza kumisi.

Dakika hizo za mwanzo kompyuta pia haina wa kuisahihisha. Sensa ya oksijeni ya kwenye ekzosi haifanyi kazi mpaka ipate joto la nyuzi 300 hivi. Mpira wa hewa ukiwa umepasuka, hewa isiyopimwa inaingia na mchanganyiko unaharibika. Sensa ikishapata moto, kompyuta inafidia na kasoro inajificha. Gari likiendeshwa kutoka Nyali hadi gereji saa nne, fundi ataapa ni zima. Liache lilale huko, aliwashe mwenyewe asubuhi. Kabla hajaliwasha, asome kwenye mashine ya kupimia kompyuta ya gari joto la maji na joto la hewa: gari lililolala usiku kucha, namba hizo mbili hukaribiana sana. Moja ikisoma 25 na nyingine 60, sensa mojawapo inadanganya, au hewa ya chumvi imekula pini za waya wake. Zikilingana, ndipo aende kwenye plagi, koili, uchafu wa throto na mipira ya hewa.

Kubwa zaidi kwetu Pwani ni thamostati. Gari likichemka kwenye mwinuko wa Mazeras, mafundi wengi huing'oa na kuitupa, wakisema ni kifaa cha nchi za theluji. Nalipinga hilo kwa nguvu zote. Thamostati huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 82 hivi. Isipokuwepo, injini huchelewa kupata moto, na barabarani usiku huenda isiupate kabisa. Kompyuta inaendelea kuongeza petroli, plagi zinashika masizi, petroli inapenya kwenye oili na kuifanya nyepesi. Zaidi ya hayo, katika injini kadhaa za Toyota thamostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari huweza kuchemka kuliko mwanzo. Kilichochemsha gari mara nyingi ni rejeta iliyoziba, feni mbovu au maji yanayovuja, na hivyo bado viko palepale.

Ukinunua gari lililotumika, jipimie. Liwashe likiwa baridi, usifungue mfuniko wa rejeta, kisha ushike mpira wa juu wa rejeta mbali na feni. Ukikaa baridi dakika kadhaa halafu ukapata moto ghafla, thamostati ipo na inafanya kazi. Ukianza kupata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, aliyekuuzia ameshaing'oa au imekwama wazi. Nunua nyingine uirudishe kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote.