Mbuzi Ndani ya Chombo: Matunzo Yake Baharini na Hadhari Anapofikishwa Kisiwani

Inafahamika kwamba kwa wakaazi wa Unguja, Pemba na visiwa vidogo kama vile Tumbatu, Kojani na Makoongwe, mbuzi hana njia ya kuhama kisiwa isipokuwa kwa chombo. Mwaka mzima huvushwa mmoja mmoja kwa dau na mashua, ama kwa ajili ya mbegu, ama akika, ama zawadi. Na Idd el Hajj inapokaribia huvushwa kwa makundi. Kwa kuwa safari hizi ni za kawaida mno, mambo mengi yanayohusu uhai wa mnyama huyo na usalama wa waliomo chomboni hupuuzwa. Maelezo yafuatayo yanakusudiwa kwa manahodha, wafugaji na wavuvi wanaokwenda dago na mifugo yao.

Mbuzi na chombo ni masahibu wa zamani. Kabla ya kupatikana maziwa ya makopo, meli za masafa marefu zilichukua mbuzi jike ili mabaharia wapate maziwa mabichi. Anayekumbukwa zaidi ni yule aliyeizunguka dunia mara mbili: kwanza katika meli ya Dolphin ya Kapteni Wallis, iliyorejea Uingereza mwaka 1768, na mara ya pili katika Endeavour ya Kapteni Cook, iliyorejea mwaka 1771. Alikufa mwaka 1772, akiwa nchi kavu. Mfano huo unatosha kuonesha kwamba bahari peke yake haimuui mbuzi. Kinachomuua ni namna anavyowekwa.

Jambo la kwanza, na ndilo linaloleta hasara kubwa, ni kumfunga mbuzi miguu minne na kumlaza ubavu chini ya chombo kama mzigo. Mbuzi ni mnyama mwenye kucheua. Chakula anachokula huchachuka katika tumbo lake kubwa, na uchachu huo hutoa hewa nyingi ambayo lazima aiteuke kila baada ya muda mfupi. Anaposimama, au anapolala kifudifudi kwa desturi yake, njia ya hewa huwa juu ya chakula na kuteuka huwa rahisi. Anapolazwa ubavu au chali, chakula chenye majimaji huifunika njia hiyo, tumbo hujaa upepo, hulisukuma pafu, na mnyama hukosa pumzi. Saa chache zinatosha kumuua, na mwenye mali akaambiwa mbuzi wake amekufa kwa mawimbi! Si mawimbi, ni kamba.

Inavyofaa ni mbuzi afungwe kamba ya shingo isiyokaza, fupi kiasi cha kutomruhusu kuruka nje, lakini imwezeshe kusimama na kulala. Kwato za mbuzi ni ngumu na huteleza juu ya mbao zilizorowa, kwa hiyo chini yake patandikwe makumbi, majani makavu au jamvi kuukuu. Asiwekwe kwenye ngama, ambako maji machafu hukusanyika na harufu ya mkojo humuumiza macho na kifua. Wala asiachwe juani mchana kutwa. Joto la mwili wake ni baina ya nyuzi 38.5 na 39.5, na hana akiba kubwa ya kuvumilia ongezeko.

Katika chombo kinachoyumba mbuzi huchukuliwa na bahari kama mwanaadamu, ila yeye hatapiki. Huacha kula, huacha kucheua na huinamisha kichwa. Nahodha anayemwona akicheua ajue kwamba safari inamwendea vyema. Kabla ya kuondoka apewe majani makavu kuliko nafaka, na maji matamu kila yanapowezekana. Asiachiwe kunywa maji ya bahari. Chumvi hiyo humzidishia kiu, na akinywa nyingi huwa sumu. Mbuzi jike hubeba mimba kwa muda wa siku 150 hivi, na aliyeingia mwezi wa mwisho ni bora abaki alipo.

Kwa upande wa chombo chenyewe, mbuzi ni shehena inayotembea. Magunia ya chumvi hukaa yalipopakiwa, lakini mbuzi 20 wakishtushwa na tanga linalopiga huweza kukimbilia ubavu mmoja kwa pamoja, na chombo kidogo kikalala. Wagawanywe pande zote mbili kwa ubao au mlango wa miti. Aidha, mbuzi hutafuna kila kilicho karibu, ikiwemo kamba ya demani, na mabaki ya nailoni yanayoingia tumboni mwake hayatoki.

Ama kuhusu anayemfuga mbuzi mmoja chomboni kama rafiki, kuna mfano wa Uingereza unaofaa kutazamwa. Huko wapo watu wanaoishi katika mashua nyembamba zinazopita kwenye mifereji iliyochimbwa. Kwa sheria ya mwaka 1995, asiye na gati yake ya kudumu hutakiwa asikae mahala pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Lakini sheria ya mifugo ya nchi hiyo humhesabu mbuzi kuwa mfugo hata akiwa mmoja na wa mapenzi tu: lazima aandikishwe, awe na alama sikioni, na makaazi yake yatambulike kwa namba ya ardhi. Hivyo mwenye mashua huweza kuhama kila wiki mbili, ila mbuzi wake anatakiwa awe na anwani. Ukali huo una sababu. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulienea huko kwa kasi kutokana na kondoo waliokwisha kuuzwa na kusafirishwa kabla ya ugonjwa kugunduliwa, na wanyama zaidi ya milioni 6 waliuawa.

Kwa visiwa, tishio lililo karibu zaidi ni sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo ilithibitishwa Tanzania Bara mwaka 2008. Dalili zake ni homa kali, machozi na kamasi, vidonda mdomoni, kukohoa na kuhara, na katika kundi lisilochanjwa vifo huwa vingi. Haimuambukizi mwanaadamu. Ubaya wake ni kwamba siku 4 hadi 6 huweza kupita kabla dalili hazijatokea, ilhali safari ya kuvuka kwa jahazi ni ya usiku mmoja. Mbuzi hupakiwa mzima na hushushwa mzima, kisha kundi zima la kijiji likaanza kuugua wiki inayofuata. Kwa hiyo mnyama anayevushwa aonwe kwanza na afisa mifugo, apewe vyeti vyake, na akifika atengwe na wenzake kwa wiki 3, akiwa na chombo chake cha maji. Chanjo ipo na kinga yake hudumu kwa miaka isiyopungua 3. Mtu anayemshusha mbuzi usiku katika bandari bubu ili aepuke usumbufu wa vyeti huwa anacheza na mali ya majirani zake.

Wavuvi wa dago wanaombwa wasimwache mbuzi, hata mmoja, katika kisiwa kisichokaliwa, kwa kutaraji kumrejea msimu ujao. Katika kisiwa cha Pinta, huko Galápagos, mbuzi watatu walioachwa mwaka 1959 walizaana hadi kufikia makumi ya maelfu katika miaka ya 1970, na mimea ya kisiwa ikateketea. Aldabra, ambayo ni ya Shelisheli, ilipata kuondolewa mbuzi wake wote mwaka 2012 baada ya kazi ya miaka mingi. Visiwa vyetu vidogo vya mawe vina udongo haba. Majani yakiliwa, mvua za masika huuchukua baharini.

Mbuzi akifia njiani asitupwe karibu na ufuo, wala asichunwe na kugawanywa nyama. Akishushwa, sheha na afisa mifugo wapewe habari kabla ya kuzikwa, ili ichukuliwe sampuli. Shimo liwe refu kiasi cha mbwa kutoweza kulifukua, na liwe mbali na kisima.