Unataka kusoma ujasiriamali chuo? Panga miaka yako mitatu kabla hujaomba

Matokeo ya form six yakishatoka, mtaani swali linakuwa moja tu: "Unaomba chuo gani?" Sisi tuliopiga ECA hata hatumalizi kujibu, tayari mjomba ameshatoa uamuzi: "Kasome ujasiriamali, ajira hakuna."

Sawa, ajira ni ngumu, hilo halina ubishi. Lakini tupige hesabu kwanza. Shahada ya biashara ni miaka mitatu, na wengi wetu tunategemea mkopo wa Bodi. Mkopo huo unakufuata. Mwenye ajira anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, na aliyejiajiri naye anatakiwa kulipa, hakuna kusema "mimi sina bosi". Ukitoka chuo huna biashara, na huna ujuzi wa kukuajirisha, umepigwa kotekote. Mimi mwenyewe niko kwenye kuomba, kwa hiyo hii ishu nimeichimba kwa faida yangu na yenu. Kama dakika zako kafe zinayoyoma, ruka moja kwa moja hadi kwenye mpango wa miaka mitatu.

Ujasiriamali unafundishika kweli?

Kuna wanaosema ujasiriamali ni damu, haufundishwi. Kumbe wenzetu wameanza kuufundisha zamani. Harvard huko Marekani walianza somo la kuanzisha biashara mwaka 1947, likifundishwa na Myles Mace, na wanafunzi wengi walikuwa wanajeshi waliorudi kutoka vitani. Chuo cha Babson, hukohuko Marekani, kiliendesha kwa miaka mingi somo ambalo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanakopeshwa na chuo, wanaanzisha biashara ya kweli kwa kikundi, wanauza, wanarudisha mkopo, kisha wanafunga hesabu.

Halafu kuna mwanamama mtafiti, Saras Sarasvathy. Aliwahoji waanzilishi wa kampuni 27 waliobobea, na mwaka 2001 akachapisha alichokiona. Watu wale hawakuanza na ndoto kubwa halafu wakatafuta mtaji. Walianza na maswali matatu: mimi ni nani, ninajua nini, ninamjua nani? Kisha wakajiuliza wako tayari kupoteza kiasi gani mambo yakienda mrama. Hayo maswali mtu anaweza kuyafanyia mazoezi, ila sio kwa kukariri notisi.

Usichague jina la kozi, chagua masomo yaliyomo

Hapa Bongo njia ni nyingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Shule Kuu ya Biashara. Mzumbe wako Morogoro. CBE wapo tangu 1965, na kwao unaweza kuanzia cheti ukapanda diploma mpaka shahada. SUA wana uchumi wa kilimo na kilimo-biashara, ambayo kwa mtu wa Mbeya au Njombe mwenye shamba la familia inaweza kuwa na maana kuliko kozi yenye neno "ujasiriamali" kwenye jina.

TCU hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka, unapatikana bure kwenye tovuti yao. Usiangalie alama za kuingilia peke yake. Nenda kwenye tovuti ya chuo, tafuta orodha ya masomo ya kila semesta, halafu jiulize: uhasibu wa gharama upo? Sheria ya biashara ipo? Kuna masomo ya kuchagua nje ya idara? Fildi ni wiki ngapi? Kozi ikiwa na ujasiriamali mwingi na uhasibu kiduchu, mimi naiogopa. Nitaeleza kwa nini.

Hesabu ya chipsi

Tuseme unafungua banda la chipsi. Kodi ya pango 120,000 kwa mwezi, kijana wa kukusaidia 150,000, umeme na mengineyo 30,000. Jumla 300,000, uuze usiuze. Hizo zinaitwa gharama zisizobadilika. Sahani moja unauza 2,500, na viazi, mafuta, mkaa na mayai vinakula 1,500. Inabaki 1,000. Gawanya 300,000 kwa 1,000, unapata sahani 300 kwa mwezi. Ukifungua siku 26, ni karibu sahani 12 kwa siku ndipo unafika sifuri. Sifuri wadau, sio faida!

Sasa anakuja mshkaji, "niandikie, nitalipa Ijumaa", halafu anayeyuka. Umepoteza 1,500 ya viungo. Sahani mbili zisizolipwa zinameza kile kinachobaki kwenye sahani tatu ulizouza. Mtu aliyesoma uhasibu wa gharama anaiona hii kabla hajapanga banda. Asiyeisoma anakuja kuiona mwezi wa tatu, mwenye nyumba akiwa mlangoni.

Mpango wa miaka mitatu

*Mwaka wa kwanza: jifunze kuhesabu.* Vyuo vingi mwaka huu ni uhasibu, uchumi, hisabati za biashara na mawasiliano. Watu wengi wanayachukulia kama masomo ya kuvuka tu. Mimi nimepanga kushika daftari la biashara moja ya kweli, iwe genge la shangazi au kibanda cha jirani, na kuandika kila siku kilichoingia na kilichotoka. Ukifanya hivyo miezi sita, uhasibu wa darasani unauelewa wenyewe.

*Mwaka wa pili: uza kitu.* Hapa ndipo masoko, fedha na sheria ya biashara vinaingia. Tafuteni watu watano mnaoaminiana, kila mmoja atoe 20,000, ni laki moja. Uzeni kitu mpaka semesta iishe, fungeni hesabu, gawaneni kilichopo. Hata mkipata hasara, imekula laki moja tu ya watu watano. Ndio ile "niko tayari kupoteza kiasi gani" ya Sarasvathy.

Kwenye sheria, elewa tofauti hii: ukisajili jina la biashara BRELA, biashara na wewe ni kitu kimoja, anayekudai anaweza kufika hadi kwenye mali zako binafsi. Ukisajili kampuni yenye dhima ya kikomo, kampuni ni mtu mwingine kisheria, ila ina makaratasi mengi zaidi kila mwaka. Wengi tunasajili bila kujua tumesaini nini.

*Mwaka wa tatu: geuza kazi za chuo ziwe zako.* Fildi usiende popote penye nafasi, nenda kwenye biashara inayofanana na unayoitaka. Utafiti wako wa mwisho uulize swali ambalo jibu lake utalitumia. Na mchanganuo wa biashara usiuandike kwa ajili ya maksi peke yake. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi vinavyoomba vinatakiwa kuwa na andiko la mradi, na wengi wanakwama hapohapo. Wewe utakuwa umeshaandika.

Ujasiriamali wa nini?

Hili ndilo swali ambalo mjomba haulizi. Ujasiriamali mtupu ni kama sufuria bila unga. Lazima uwe na kitu unachokijua: kilimo, ushonaji, umeme, kompyuta, samaki. Kama kitu chako ni ufundi, pengine VETA kwanza halafu masomo ya biashara baadaye ndiyo njia yako, wala sio aibu. Mwenye cheti cha ufundi na daftari safi anaweza kumpita mwenye digrii asiyejua sahani yake inamgharimu shilingi ngapi.

Kwa upande wangu, kitu changu ni usindikaji wa matunda, maana nyumbani Muheza machungwa yanaoza chini ya miti kila msimu na kila mtu anaona kawaida. Kwa hiyo kozi nitakayoomba ni ile itakayoniacha nichukue hata somo moja la vyakula au kilimo pembeni ya uhasibu. Chuo kisichoruhusu hivyo, hata kiwe na jina kubwa namna gani, kwangu kinashuka kwenye orodha.

Haya, kabla dirisha la udahili halijafungwa, chukua karatasi ujibu yale maswali matatu, kisha ndio ufungue tovuti za vyuo. Na ninyi kaka na dada mliopo chuo tayari, tuambieni hapo chini: ni somo gani la mwaka wa kwanza mlilidharau, sasa hivi ndilo linawalisha?