Kuvu Shambani, Ghalani na Mwilini: Utangulizi

Katikati ya mwaka 2016 wagonjwa wasio wa kawaida walianza kufikishwa kwenye vituo vya afya vya mikoa ya Dodoma na Manyara. Macho yao yalikuwa ya manjano, matumbo yamevimba, na wengi wao walikuwa watoto. Mwanzoni ugonjwa wenyewe haukujulikana. Uchunguzi ulipofuata chakula ulifika kwenye mahindi waliyolima na kuhifadhi wenyewe: yalikuwa yamejaa sumukuvu. Waliorekodiwa kuugua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Miaka 12 kabla ya hapo, mashariki mwa Kenya, sumu hiyohiyo ilikuwa imewapata watu 317 na kuwaua 125.

Ugonjwa ule ulikuwa wa nani? Mgonjwa alilala hospitali, lakini daktari hakuwa na dawa ya kuiondoa sumu ile mwilini. Sumu ilitengenezwa shambani, ikaongezeka ghalani, ikapita mashineni na jikoni. Bwana shamba hakumwona mgonjwa, na daktari hakuliona ghala. Kitabu hiki kimeandikwa kwa sababu ya pengo hilo. Vyuoni mwetu kuvu zimegawanywa: za mimea ziko kwenye kilimo, za binadamu kwenye udaktari, na za ghalani mara nyingi hazina mwenyewe. Kuvu zenyewe hazijui idara.

Tuitazame sumukuvu kwa karibu, maana ndiyo mlango mzuri wa kuingilia somo hili. Kuvu inayoitengeneza zaidi huku kwetu ni Aspergillus flavus, ambayo huishi kwenye udongo na masalia ya mazao. Watu wengi huamini kuwa ukungu ni mtoto wa mvua. Kwa kuvu hii, balaa huanza na ukame. Mahindi yakipata kiu na joto kali wakati wa kutoa maua na kujaza punje, hudhoofika, na wadudu wakishatoboa magunzi kuvu hupata njia ya kuingilia. Kisha mvua isiyotarajiwa inyeshe wakati wa kuvuna, mkulima aanike mahindi chini, ayafungie ghalani kabla hayajakauka, na kazi iliyoanzia shambani inakamilikia ndani ya gunia. Ndiyo maana maeneo makavu ya katikati ya Tanzania na ya Ukambani hutajwa mara kwa mara katika habari hizi.

Sumu hii haionekani wala haina harufu. Punje inaweza kupendeza machoni na bado ikawa nayo. Moto wa jikoni hauimalizi, kwa hiyo ugali uliopikwa ukaiva si salama kwa sababu tu umeiva. Kuchambua punje mbovu na kukoboa hupunguza sana kiwango chake, lakini swali linabaki: punje mbovu zinakwenda wapi? Zikipelekwa kwenye pombe, sumu imehamia kwenye pombe. Akilishwa ng'ombe, sehemu ya sumu hutoka ndani ya maziwa ikiwa imebadilika umbo. Na anayekula kidogokidogo kwa miaka mingi haugui ghafla kama wale wa mwaka 2016. Ini lake huelekea kwenye saratani, na hatari huwa kubwa zaidi kama ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Hapa ndipo ninapowaomba wataalamu wa lishe wasome kwa makini. Uji wa lishe tunaowasifia akina mama kliniki mara nyingi ni mahindi na karanga, mazao mawili yanayoongoza kwa kubeba sumukuvu. Sisemi uachwe. Ila anayeshauri uji amwulize mama unga umetoka wapi na karanga zilikaushwaje.

Kinga zipo, na nyingine ni za kushangaza. Mojawapo ni kuipiga kuvu kwa kuvu. Zipo aina za Aspergillus flavus ambazo kwa asili haziwezi kutengeneza sumu. Hizo hupakwa kwenye punje za mtama zilizouawa kwa joto ili zisiote, kisha hutawanywa shambani, takriban kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Zinawahi kukalia nafasi, na zile zenye sumu zinakosa pa kukaa. Bidhaa hiyo inaitwa Aflasafe. Imesajiliwa Kenya na Tanzania. Kinga nyingine haihitaji duka la pembejeo: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, kisha iache kwa dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi hayo bado mabichi, yarudi kwenye turubai.

Sasa, kuvu ni nini hasa? Kosa la kwanza la wanaoingia katika taaluma hii ni kuzidhani mimea. Kuvu hazina kijani cha kutengenezea chakula kwa mwanga. Hujenga kuta za seli zao kwa kitini, kitu kilekile kilichomo kwenye gamba la panzi, na hula kwa kumwaga vimeng'enya nje ya mwili na kufyonza kilichoyeyuka. Katika ukoo wa viumbe ziko karibu na wanyama kuliko mimea. Hamira, uyoga, mapunye ya kichwani, kutu ya ngano: wote ni watu wa nyumba moja. Spishi zilizopewa majina ni kama 150,000, na wanasayansi wanakadiria kuwa zilizopo ni milioni kadhaa.

Ukaribu huo na wanyama ndio unaowatesa madaktari. Bakteria ni tofauti sana na sisi, hivyo ni rahisi kupata dawa itakayowaua na kutuacha. Seli ya kuvu inafanana na yetu kwa mambo mengi, na dawa nyingi zinazoiumiza hutuumiza pia. Wanaotibu homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu Cryptococcus kwa watu wenye VVU wanajua hilo. Amfoterisini B, dawa kuu ya ugonjwa huo, hudhuru figo. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2022, lililofanywa katika nchi tano za Afrika ikiwemo Uganda, lilionyesha kuwa dozi moja kubwa ya umbo jipya la dawa hiyo, ikisindikizwa na vidonge vya aina mbili, inatosha badala ya dripu za siku kadhaa mfululizo. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu hatari zaidi kwa binadamu, kuvu 19. Tulichelewa mno.

Na shamba linaingia tena wodini. Dawa za kuvu za kundi la azoli hutumika hospitalini, na jamaa zake hupuliziwa mazao na maua. Nchini Uholanzi wagonjwa wamepatikana na Aspergillus fumigatus isiyosikia azoli ingawa wengine hawakuwahi kumeza dawa hiyo. Kuvu zilikuwa zimeizoea huko nje, kwenye masalia ya mashamba. Nchi zinazolima maua kama Kenya zina kila sababu ya kulifuatilia jambo hili.

Kuhusu magonjwa ya mimea nitakuwa mfupi hapa, kwa kuwa sura nyingi zinayahusu. Kutu ya majani ilivamia kahawa ya Ceylon kuanzia mwaka 1869, na kisiwa kikahamia kwenye chai. Chulebuni ilitambuliwa Kenya mwaka 1922 na hadi leo imebaki ugonjwa wa kahawa ya Afrika. Ila msomaji ajihadhari na kuitwisha kuvu kila lawama. Korosho za Tanzania zilifika tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, zikaporomoka hadi kama 16,500 msimu wa 1986/87. Ubwiri unga ulichangia kweli, maana hukausha maua kabla hayajafunga, na salfa pamoja na miche bora kutoka kituo cha utafiti cha Naliendele vilisaidia kuirudisha mikorosho. Lakini wakulima walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na miti yao, na bei ilikuwa haiwalipi kupalilia. Kuvu hustawi palipoachwa.

Wala zisihukumiwe zote kwa makosa ya chache. Penisilini aliyoiona Fleming mwaka 1928 ilitoka kwenye ukungu. Miti ya miombo isingesimama kwenye udongo ule maskini bila kuvu za mizizini, na uyoga mwingi unaouzwa kando ya barabara Iringa msimu wa mvua ni matunda ya kuvu hizohizo. Karibu na Ifakara, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa vitambaa vyeusi vilivyopakwa kuvu Metarhizium na kutundikwa ndani ya nyumba hufupisha maisha ya mbu wa malaria. Mwaka 2009 jamaa wa kuvu hiyo alipuliziwa nzige wekundu katika mbuga za Iku, Katavi.

Neno la mwisho ni kwa wewe mwanafunzi. Ukiwa unasomea udaktari, anza na sura za ghala na shamba. Ukiwa wa kilimo, anza na sura za ini na mapafu. Zile za fani yako utazisoma tu, hata nisipokuagiza.