Tusisubiri Wagonjwa: Madini ya Risasi na Akili za Watoto

Mwaka 2010, katika vijiji vya jimbo la Zamfara, kaskazini-magharibi mwa Nigeria, watoto wadogo walianza kufa kwa degedege. Mwanzoni ilidhaniwa ni malaria au homa ya uti wa mgongo, maana hayo ndiyo maradhi yaliyozoeleka huko. Damu ilipopimwa, ikakutwa na madini ya risasi kwa wingi wa kutisha. Wanavijiji walikuwa wakichimba dhahabu na kusaga mawe yake kwa mashine za nafaka, mara nyingi uani kwao, na mwamba ule ulikuwa na risasi pamoja na dhahabu. Vumbi lake likaenea katika nyua na vyombo vya chakula. Watoto wasiopungua 400 walikufa katika muda wa miezi michache. Dunia iliusikia msiba huo kwa sababu ulikuwa na makaburi ya kuhesabika. Hata hivyo Zamfara inaweza kutupotosha, kwa kutufanya tuamini kwamba pasipo vifo wala degedege hapana sumu. Utafiti wa karibu nusu karne unasema kinyume: hasara kubwa ya risasi huwapata watoto wasiolazwa hospitali yoyote. Kwa hiyo serikali inayongoja wagonjwa ndipo ichukue hatua itachelewa kila mara.

Risasi ni mojawapo ya metali nzito zinazodhuru mwili, sawa na zebaki ambayo wachimbaji wadogo huitumia kunasa dhahabu. Wapo wanaouliza: mbona chuma na zinki ni metali pia, na wajawazito huandikiwa vidonge vya madini ya chuma kliniki? Jibu ni kwamba chuma kina kazi mwilini, kwani bila chuma damu haiwezi kubeba oksijeni. Risasi haina kazi hata moja. Mwili huipokea kwa makosa, kwa kuwa inafanana kitabia na kalsiamu, kisha ikaenda kokote kalsiamu inakokwenda. Kwenye neva, ambako kalsiamu huongoza upitishaji wa ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine, risasi huuvuruga ujumbe huo. Kwenye uboho wa mifupa huzuia utengenezaji wa himoglobini, na hapo ndipo upungufu wa damu unapotokea. Aidha, metali haiozi wala haiteketei. Anayechoma taka zenye risasi haimalizi sumu hiyo. Anaigeuza moshi na vumbi, na vumbi hilo likitua kwenye udongo hukaa humo miaka na miaka.

Mtoto mdogo huathirika kuliko mtu mzima hata wakiishi nyumba moja. Yeye hutambaa chini, hushika kila kitu na kutia mikono kinywani. Kwa kiasi kilekile cha risasi kilichomezwa, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwili wa mtoto hufyonza mara nne hadi tano ya kile kinachofyonzwa na mtu mzima. Mtoto mwenye upungufu wa chuma au kalsiamu hufyonza zaidi, hivyo sumu hii huwaelemea zaidi wale ambao lishe yao tayari ni duni. Ikishaingia, hukaa kwenye damu kwa wiki kadhaa, kisha sehemu kubwa hujificha kwenye mifupa na meno, ambako inaweza kudumu miongo. Mwanamke aliyeivuta utotoni huweza kubeba mimba akiwa hajakaribia tena mahali penye sumu, lakini mwili unapochota kalsiamu mifupani kwa ajili ya mtoto, risasi nayo hutoka, ikavuka kondo la nyuma na kumfikia kiumbe aliye tumboni.

Ushahidi wa madhara yasiyoonekana haukupatikana wodini, bali shuleni. Mwaka 1979 daktari wa watoto Mmarekani, Herbert Needleman, alichapisha utafiti uliotumia meno ya utotoni yaliyong'oka. Watoto waliokuwa na risasi nyingi menoni, ingawa hakuna aliyewahi kuonekana mgonjwa, walipata alama za chini katika vipimo vya akili na walionekana na walimu wao kuwa wepesi wa kupotewa na umakini. Mwaka 2005 kundi la watafiti lililoongozwa na Bruce Lanphear liliunganisha takwimu za zaidi ya watoto 1,300 kutoka nchi kadhaa. Waligundua jambo ambalo wengi hawakulitarajia: kiwango cha risasi kinapopanda kutoka karibu mikrogramu 2 hadi 10 kwa desilita moja ya damu, mtoto hupoteza takriban pointi 4 za kipimo cha akili, lakini kutoka 10 hadi 20 hupoteza pungufu ya hizo. Maana yake, hatua za mwanzo ndizo zenye hasara kubwa. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Kuna atakayesema pointi 4 ni kitu kidogo, kwamba hakuna mzazi atakayeona tofauti. Kwa mtoto mmoja ni kweli. Hata mwalimu hawezi kuona. Lakini jamii si mtoto mmoja. Wastani wa darasa zima ukishuka kwa pointi 5 tu, hesabu ya takwimu inaonyesha kwamba idadi ya wanaohitaji msaada maalumu ili wasome huongezeka kwa zaidi ya nusu, na wale wenye vipaji vya juu kabisa hupungua vivyo hivyo. Mwaka 2020 UNICEF pamoja na shirika la Pure Earth walikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, hadi watoto milioni 800, ana risasi ya mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita, na wengi wao wako katika nchi maskini. Wala watu wazima hawakuachwa. Risasi hupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo na moyo. Shirika la Afya Duniani linataja makadirio ya vifo zaidi ya milioni 1.5 kwa mwaka 2021 pekee, vingi vikitokana na maradhi ya moyo na mishipa. Katika vyeti vya vifo hivyo huandikwa kiharusi au moyo kushindwa kufanya kazi. Risasi haitajwi.

Pingamizi la pili ni la tiba: kama sumu ipo, si itolewe kwa dawa? Katika viwanda na gereji nyingi za Afrika Mashariki mafundi huamini kwamba glasi ya maziwa jioni husafisha sumu ya mchana. Maziwa yana kalsiamu, na lishe yenye kalsiamu na chuma husaidia kupunguza ufyonzaji, lakini hayatoi risasi iliyokwisha kuingia mifupani. Dawa za hospitali zinazonasa risasi na kuitoa kwa mkojo zipo, na huokoa maisha pale sumu inapokuwa kali, ila hazirudishi akili iliyopotea. Zamfara ilitoa funzo jingine kuhusu dawa hizo. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikataa kuanza tiba katika kijiji ambacho udongo wake haujaondolewa, kwa kuwa mtoto angetibiwa leo na kurudi kesho kuchezea vumbi lilelile. Kijiji cha Bagega kilingoja usafishaji hadi mwaka 2013. Koleo na malori ya kuondoa udongo yalitangulia vidonge, na ndivyo inavyopasa kuwa kwa sumu hii popote ilipo.

Pingamizi zito zaidi ni la riziki. Betri nyingi za gari na za umeme wa jua hutengenezwa kwa risasi, na betri kuukuu zisipoyeyushwa upya zitatupwa ovyo, huku watu wakikosa ajira. Hoja hiyo ni ya haki, na hakuna mwenye busara anayetaka urejelezaji ukome. Swali ni unafanywa wapi na kwa gharama ya nani. Kiwanda chenye vichujio vya moshi na mfumo wa kushughulikia tindikali kinawezekana. Tatizo ni kwamba hakiwezi kushindana kwa bei na tanuru linalopuliza moshi wake juu ya mapaa ya majirani. Unafuu wa risasi hiyo ni deni ambalo jirani hulilipa. Huko Owino Uhuru, kitongoji cha Mombasa chenye wakazi wapatao 3,000, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi mwaka 2007 kikipakana na nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa humo, aliongoza wakazi kudai kifungwe, na kikafungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na taasisi za serikali zikabebeshwa sehemu ya lawama. Mahakama ya Rufani ikaibatilisha mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofunguliwa alikuwa amefika umri wa kumaliza sekondari kabla sheria haijasema neno lake la mwisho. Fidia ni haki yao, ila haiwezi kumrudisha darasa la kwanza akiwa na ubongo mzima.

Linalowezekana ni kukata mzizi, na hili limekwisha kuthibitishwa. Risasi ilianza kutiwa kwenye petroli katika miaka ya 1920, na watengenezaji walishikilia kwa miongo kwamba injini haziwezi kuiacha. Marekani ilipoipunguza, wastani wa risasi kwenye damu ya watoto wadogo ulishuka kutoka mikrogramu 15 hivi mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi chini ya 4 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa kufikia mwaka 2006 kwa msukumo wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Hakuna mama aliyefundishwa kuosha mikono ya mwanawe baada ya kila gari kupita. Sumu iliondolewa kwenye pampu. Mfano wa karibu zaidi na jiko letu ni Bangladesh, ambako wafanyabiashara walikuwa wakitia rangi ya manjano yenye risasi kwenye bizari ili ing'ae. Mwaka 2019 watafiti waliitangaza hadharani, serikali ikapima masokoni na kutoza faini, na kufikia mwaka 2021 sampuli zilizochanganywa zilikuwa zimeshuka kutoka karibu nusu hadi sifuri.

Wengine watasema nchi zenye malaria na uhaba wa zahanati haziwezi kumudu vita vingine. Lakini Bangladesh haikujenga hospitali mpya; ilituma wakaguzi wenye kipimo cha mkononi. Kwetu vyanzo vya kuanza navyo vinajulikana: matanuru ya betri katikati ya makazi, rangi za mafuta zinazovuka kikomo kinachopendekezwa kimataifa cha sehemu 90 za risasi kwa milioni, na sufuria zinazosubiwa kwa vyuma chakavu visivyojulikana vimetoka wapi. Leseni ya kiwanda itanguliwe na upimaji wa udongo na damu za majirani, na ihuishwe kila mwaka kwa matokeo yanayobandikwa hadharani. Anayeuza betri mpya alazimishwe kuipokea ya zamani. Kliniki za watoto zipime risasi kwa sampuli katika mitaa yenye shaka, ili tatizo lionekane likiwa bado ni namba kwenye karatasi. Familia inaweza kufagia kwa maji na kumnawisha mtoto mikono, na ifanye hivyo. Ila wajibu wa kwanza ni wa yule mwenye mamlaka ya kufunga tanuru.