Umeshtakiwa kwa Kosa la Barabarani? Unaweza Kujitetea Kortini

Vikundi vingi siku hizi vina pikipiki ya boda boda, au pikapu ya kupeleka mboga na maziwa sokoni. Mwanakikundi akishikwa na trafiki, mara nyingi hufanya moja ya mambo mawili. Anatoa kitu kidogo pale pale barabarani, au anafika kortini na kusema "Ni kweli" ili arudi nyumbani haraka, hata kama hakukosa. La kwanza ni hongo, na hongo ni kosa kubwa kuliko mengi ya barabarani. La pili linakufungia mlango, kama tutakavyoona.

Kuwa na wakili ni haki yako, lakini si lazima. Fuata hatua hizi.

1. UNAPOSHIKWA
Usibishane wala usikimbie. Uliza kwa heshima: "Afande, kosa langu ni gani?" Katiba ya 2010, Kifungu cha 49, inasema lazima uambiwe sababu kwa lugha unayoelewa. Andika saa, mahali, nambari ya afande na watu waliokuwepo. Andika siku hiyo hiyo, maana kichwa husahau.

Ukiwekwa seli, ufikishwe kortini kabla ya saa 24 kuisha. Zikiisha wakati korti imefungwa, basi ni siku ya korti inayofuata. Kama kosa lako adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, korti haiwezi kukuweka rumande ukingojea kesi. Ukilipa dhamana, dai risiti na uitunze. Dhamana si faini: kesi ikiisha unarudishiwa. Lakini usipofika siku uliyopewa, unaweza kuipoteza na kutolewa amri ya kukamatwa.

2. SIKU YA KUSOMEWA MASHTAKA
Hapa ndipo wengi huanguka. Watu ni wengi, majina yanaitwa haraka, na jirani anakunong'onezea, "Kubali tu uende." Ngoja kwanza. Sikiliza kila neno. Kama huelewi lugha, inua mkono uombe mkalimani. Hulipi chochote.

Kama kweli ulikosa, sema ukweli, kisha umwombe hakimu akuhurumie: mweleze kama ni kosa la kwanza na una watu wanaokutegemea. Kama hukukosa, sema, "Mheshimiwa, si kweli." Na ukikubali halafu maelezo yakisomwa usikie jambo ambalo si sawa, sema papo hapo. Hakimu anapaswa kuandika kwamba umekana. Ukishakubali kabisa na kuhukumiwa, huwezi tena kukata rufaa kusema hukufanya. Utaruhusiwa kulalamikia adhabu peke yake.

3. KUJITAYARISHA
Omba nakala ya karatasi ya mashtaka na maandishi ya mashahidi wa polisi. Kifungu cha 50 kinakupa haki ya kujua mapema ushahidi utakaoletwa, na muda wa kutosha wa kujitayarisha. Andika nambari ya kesi na tarehe. Tafuta mashahidi wako na uwaambie siku. Kama kesi ni ya leseni au bima, leta karatasi yenyewe, maana hiyo iko kwako wala si kwa polisi.

4. SIKU YA KUSIKIZWA
Upande wa mashtaka ndio unaoanza, na ndio wenye mzigo wa kuthibitisha pasipo shaka. Shahidi akimaliza, utaulizwa kama una maswali. Huu si wakati wa kusimulia habari yako, ni wakati wa kuuliza.

Tuseme umeshtakiwa kubeba abiria wawili kwa pikipiki, na wewe ulibeba mama mmoja na gunia la sukuma wiki. Uliza hivi:
- Afande, ulikuwa umesimama umbali gani?
- Ilikuwa saa ngapi, na kulikuwa na mwanga?
- Huyo abiria wa pili anaitwa nani? Mbona hajaandikwa popote?
- Gunia uliliona?

Maswali mafupi, sauti ya chini. Usimwite afande mwongo. Acha majibu yake yaseme.

Kama ni mwendo wa kasi, uliza alijuaje. Sheria ya Trafiki inasema mtu hawezi kupatikana na hatia kwa maoni ya shahidi mmoja peke yake kwamba alikuwa akienda kasi. Panatakiwa ushahidi zaidi, kama kipimo cha mashine.

Hakimu akiona ushahidi hautoshi, atakuachilia. Akiona una kesi ya kujibu, unaweza kuapa na kueleza (basi nawe utaulizwa maswali), kueleza bila kuapa, au kunyamaza. Kisha ita mashahidi wako, kama yule mama mwenye gunia.

5. HUKUMU
Ukishinda, fuata dhamana yako. Ukishindwa, una siku 14 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu. Usingoje ya kumi na tatu.

Kujitetea hakumaanishi kudharau serikali. Mtume Paulo alipofungwa kamba ili apigwe mijeledi, aliuliza kama ni halali kumpiga raia wa Rumi ambaye hajahukumiwa. Hakutukana, hakuhonga, aliuliza swali tu, nao wakamwachia. Lakini tusitumie haki kuficha makosa. Helmeti, rifleka na abiria mmoja ni sheria, na zinaokoa maisha.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI
1. Ni nani kati yetu amewahi kukubali kosa asilofanya? Kwa nini?
2. Je, tunaweza kuweka akiba ndogo ya dhamana, ili mwenzetu asilale seli?
3. Nani atamsindikiza mwanakikundi kortini, asiende peke yake?
4. Karatasi za pikipiki yetu ziko wapi, na bima inaisha lini?