Deni Lisilopigiwa Kura

Kila mwaka, kabla ya Julai Mosi, mabaraza ya miji ya Kenya na Tanzania huwa yamekwisha kupitisha bajeti. Wananchi husikia jumla yake, orodha ya barabara, masoko na zahanati, pengine na malalamiko ya diwani ambaye kata yake imesahaulika. Kitu ambacho ni nadra kusomwa kwa sauti ni hati za malipo za makandarasi na wazabuni: kazi imekaguliwa na kupokelewa, mhandisi amesaini, na fedha hazijatoka. Huo nao ni mkopo. Jiji limechukua saruji, nondo na jasho la watu leo, kwa ahadi ya kulipa siku isiyojulikana. Hakuna baraza lililoujadili mkopo huo, na aliyekopesha hakuulizwa kama yuko tayari kukopesha.

Nairobi ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Kwa miaka kadhaa ripoti za Msimamizi wa Bajeti wa Kenya zimeiweka kaunti hiyo juu kabisa katika orodha ya kaunti zinazodaiwa kwa namna hii, na deni lenyewe ni makumi ya mabilioni ya shilingi. Sehemu yake ilirithiwa kutoka baraza la jiji la zamani ugatuzi ulipoanza mwaka 2013. Sehemu nyingine imezaliwa baadaye, na inazaliwa bado, katika chumba kile kile ambamo bajeti inapitishwa.

Bajeti ya kaunti lazima ilingane pande zote: matumizi hayaruhusiwi kuzidi mapato yanayotarajiwa. Kamati inapokaribia mwisho wa kazi yake, kila mwakilishi wa wadi anataka barabara yake iingie. Ama miradi ikatwe, ama makadirio ya mapato yapandishwe. Kupandisha makadirio hakumuudhi mtu yeyote siku hiyo, kwa hiyo yanapandishwa. Katika mwaka wa fedha 2023/24 Nairobi ilijiwekea lengo la kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 19 kutoka vyanzo vyake yenyewe, yaani kodi za ardhi, ada za maegesho, leseni za biashara na kadhalika. Ikapata chini ya bilioni 13. Hizo zaidi ya bilioni 6 ambazo hazikuja zilikuwa tayari zimepangiwa kazi kwenye vitabu.

Sheria ya ununuzi ilitakiwa kuzuia jambo hili. Ile ya Kenya ya mwaka 2015 inamkataza afisa mhasibu kuanzisha zabuni kabla hajaridhika kwamba fedha za kutosha zimo katika makadirio ya bajeti yaliyoidhinishwa. Maneno hayo yanafaa kusomwa mara mbili. Fedha ziwe katika makadirio. Sheria haisemi ziwe benki. Kasma ikishakuwepo kwenye kitabu, zabuni inatangazwa, mshindi anapatikana, mkataba unasainiwa, na kila aliyehusika amefuata sheria. Tanzania ilipitisha Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma mwaka 2023, na zabuni sasa hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Ni hatua kubwa, na ninaiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu inafunga mianya mingi ya kupangiana kazi. Ila uwazi wa kumpata mshindi haujazi akaunti ya halmashauri, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeendelea kutaja riba ambazo taasisi za umma zinadaiwa na makandarasi kwa kuchelewesha malipo.

Chukua mkandarasi mdogo aliyepewa kazi ya kujenga kalavati na mitaro kwa shilingi milioni 10 za Kenya. Amekopa benki fedha zote za kazi hiyo, tuseme kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Kazi inakwisha, mhandisi wa kaunti anakuja na futi yake, anapima, anasaini hati. Hati inakwenda kwa mweka hazina na kukaa miezi 14. Riba ya benki kwa muda huo ni milioni 2.1. Kama faida aliyojipangia ilikuwa asilimia 10, yaani milioni moja, amemjengea mkazi wa Nairobi mtaro na kumlipia juu yake milioni 1.1 kutoka mfukoni mwake. Safari nyingine ataongeza bei ili ajikinge. Au atapunguza nondo. Au ataacha kabisa kuomba kazi za kaunti, na uwanja utabaki kwa wenye mtaji wa kungoja na wenye mtu ofisini wa kusukuma faili. Watu hulaumu rushwa kwa kuzaa ucheleweshaji wa malipo. Mara nyingi ninaona mambo yakienda kinyume chake: foleni ndefu isiyo na utaratibu ndiyo inayoipa saini ya mtu mmoja bei.

Wakati huo huo, mlango wa mkopo wa wazi umebanwa sana. Kifungu cha 212 cha Katiba ya Kenya kinaruhusu kaunti kukopa tu ikiwa serikali ya taifa imeudhamini mkopo huo na bunge la kaunti limeuidhinisha. Tanzania, halmashauri inahitaji idhini ya waziri. Hofu iliyo nyuma ya masharti hayo inaeleweka, maana jiji likishindwa kulipa, mzigo huangukia Hazina. Lakini hofu hiyo wakati mwingine huchanganyika na siasa. Dakar, mji mkuu wa Senegal, ilijiandaa kwa miaka kuuza hatifungani ya faranga bilioni 20 za CFA ili kujenga soko la wamachinga. Mnamo Februari 2015, siku chache kabla ya mauzo kuanza, serikali kuu ikaisimamisha. Meya wa wakati huo, Khalifa Sall, alikuwa mpinzani wa rais.

Kilichofanyika Tanga kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Februari 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga ilizindua hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 za Tanzania, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Maombi ya wawekezaji yakazidi kiasi kilichotafutwa, na mwezi Mei ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mamlaka ya maji si halmashauri ya jiji, najua, lakini inahudumia jiji na inajenga mabomba ya jiji. Deni likiwa bado zima, riba ya mwaka mmoja ni kama bilioni 7.2, na italipwa kutokana na ankara za maji. Ni gharama nzito. Hata hivyo, mkazi wa Tanga anaweza kuijua leo, na tarehe ya kulipa inajulikana. Kabla ya kuuza hata hati moja, ilibidi nyaraka za mauzo zipite mbele ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na wawekezaji wakajipimia wenyewe kama makusanyo ya maji yanatosha kulipa. Hakuna mkandarasi wa kalavati anayepewa nafasi hiyo.

Si kila mradi unafaa kuuziwa hatifungani. Maji, soko na stendi ya mabasi huleta mapato. Mtaro hauna ankara. Mitaro na barabara za mitaani lazima zilipwe kwa kodi na ruzuku, na ndiyo maana makadirio ya kodi yanapaswa kuwa ya kweli. Jiji lililokusanya bilioni 13 lianze na bilioni 13, na anayetaka kuongeza aonyeshe ni chanzo gani kipya, kinaanza lini na nani atakusanya.

Halafu deni la makandarasi liwekwe mezani. Mweka hazina wa kila jiji anaweza kuitengeneza orodha hiyo: namba ya hati, kazi iliyofanyika, kiasi, tarehe iliyosainiwa. Iambatishwe kwenye kitabu cha bajeti na kubandikwa pale yanapobandikwa matangazo ya zabuni, hati kongwe zikiwa juu, na malipo yafuate mpangilio huo. Baraza liipigie kura kabla ya kufika kwenye ukurasa wa miradi mipya, na jumla yake itolewe kwanza katika fedha za maendeleo za mwaka huo. Mwakilishi atakayetaka barabara mpya ataona pale pale hati ya nani inasukumwa nyuma ili barabara hiyo iingie, na imengoja tangu lini.